Ulinzi Usigeuzwe Upelelezi



Mama wa Ngamiani, hapa Tanga, usiku, anatafuta kwenye simu dawa ya ugonjwa ambao hajamwambia hata mumewe. Ukurasa unamfungukia na kitufe kipana: Kubali Zote. Cha kukataa kimejificha chini, herufi ndogo kabisa. Anabonyeza, maana anachotaka ni kusoma. Tangu hapo matangazo ya dawa ile yanamwandama kila tovuti anayoingia. Nani kawapa wenye matangazo ruhusa ya kuijua siri ya mama huyu?

Alichokubali ni vidakuzi. Kidakuzi ni kijifaili ambacho tovuti hukiacha kwenye simu yako ili ikutambue ukirudi. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kidakuzi cha mtu wa tatu, mwenye matangazo, ambaye hukumtembelea wala humjui, naye anakufuata ukurasa hadi ukurasa.

Wala jina la ulinzi lisiwalaze! Mwaka 2013, nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi na majasusi wa Marekani, zilifichua kwamba majasusi hao walitumia kidakuzi cha Google kiitwacho PREF kuwalenga watu. Na kidakuzi hichohicho kilikuwa kikisafiri na Safe Browsing, huduma ya Google ya kutuonya juu ya tovuti za matapeli. Askari wa getini ndiye aliyekuwa akituvika alama!

Suratul Hujurat katika Qurani, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Haikumsamehe mwenye kompyuta. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeundiwa Tume yake. Enyi wenye tovuti za maduka, shule na zahanati, mcheni Mungu: kitufe cha kukataa kilingane na cha kukubali.

Vivinjari vya Safari na Firefox vimekwisha kuwabana wafuatiliaji hawa. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa vidakuzi vya watu wengine kwenye kivinjari chake, Chrome, kisha ikaghairi. Basi msingoje! Fungua Chrome leo, ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama, uvizuie vidakuzi vya watu wengine. Onyo la matapeli usilizime, wezi wapo kweli. Ukimaliza ya kwako, kaa na bibi yako, umwombe simu yake, umfanyie vilevile huku ukimweleza.