Watoto Wanne wa Bibi Ambao Hatukuwahi Kuwahesabu



Vijana wenzangu, nina deni la wiki tatu sijaandika, na sababu ni kwamba nilikuwa Upare kwa bibi mzaa mama, na daftari la mistari na kalamu mbili. Nilishuka Same stendi kwenye joto lile mnalolijua mliopita barabara ya Moshi, nikapanda gari la Kisiwani, halafu pikipiki mpaka juu kwenye ubaridi. Haikuwa likizo. Nilikwenda kuuliza watu wa kwetu walikufa na nini.

Najua linasikika vibaya. Kwetu mtu hafiki tu, akapewa makande, akanawa mikono, kisha akaanza kuuliza habari za makaburi. Lakini sikuwa na njia nyingine.

Mapema mwaka huu mtoto wa dada yangu, ana miaka mitatu, alivimba vidole vya mikono na miguu akawa analia usiku kucha. Mara ya kwanza tukasema amelalia vibaya. Mara ya pili tukasema minyoo. Mara ya tatu mtu mmoja wa maombi akamwambia dada kwamba kuna laana kwenye ukoo wa baba yetu, inafuata wajukuu, na lazima ifunguliwe. Kufungua kuna gharama yake. Dada aliuza cherehani, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Tulipofika hospitali, kipimo cha damu kilitaja jina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitamka nyumbani: selimundu.

Na mimi nipo kwenye mafundisho ya ndoa. Mnaelewa sasa kwa nini nilibeba daftari.

Kwa ambao hamjui, selimundu, au siko seli kama wengi tunavyosema, mtu hulirithi kwa baba na mama kwa pamoja. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, ndiyo maumivu yale ya mifupa na vidole. Aliyepokea upande mmoja tu anaitwa mbebaji. Anaishi vizuri, anacheza mpira, wala hajui. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba, si kwamba ukishazaa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Tulipima nyumba nzima. Baba hana. Mama ni mbebaji. Dada na shemeji, wote wabebaji. Mimi pia.

Sasa angalia. Yule mtu wa maombi alishaulaani ukoo wa baba, na baba hana kitu! Upande wetu ulipita kwa mama, na upande wa pili ulitoka kwa kina shemeji, ambao hawakutajwa kabisa. Cherehani imekwenda bure, na lawama ilipelekwa nyumba isiyohusika.

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, watu wanatutania kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku, lakini tunastahili pia kusifiwa kwa kumbukumbu za ukoo. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, na alitegemea sana masimulizi ya wazee wa koo: nani kamzaa nani, nani alihamia kutoka wapi. Ndiyo maana leo tunaweza kusoma habari za Washana, wahunzi wa Ugweno, na jinsi Wasuya walivyowapokonya utawala. Ni hazina. Ila hesabu ile ilifuata wanaume, tena waliokua. Mwanamke akiolewa anahesabiwa kwa watoto aliowazalia ukoo mwingine, na mtoto aliyekufa mdogo hahesabiwi popote. Ugonjwa wa kurithi haujali jina la ukoo. Unapita kwa mama sawasawa na kwa baba, kwa hiyo mtu anayetaka kujua afya ya kwao lazima aende pale ambapo wazee hawakwenda, kwa mabibi na kwa watoto waliokufa.

Nilipomsalimu bibi nikamwambia nataka kuandika watoto wake. Akataja watano, mama yangu akiwa wa pili. Nikauliza, na waliotangulia? Akanyamaza, akaendelea kuchambua maharage. Usiku, taa imeshazimwa, akasema gizani, "Walikuwa tisa, mama. Wanne walirudi."

Kwa nini alificha? Mlimani kule wazee wanasimulia mambo mazito: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa mkosi, na ukienda Mbaga utaonyeshwa mwamba wa Malameni ambako watoto wa namna hiyo walitolewa. Bibi alikua akisikia kwamba mtoto anapokufa, kuna mtu amekosea. Alipoolewa tambarare, upande wa Ndungu, watoto wake wakaanza kufa, na watu hawakusema ni homa. Walisema mizimu ya mlimani imekasirika kwa sababu alifunga ndoa kanisani bila tambiko. Miaka 60 amebeba maneno hayo, kila siku akisali rozari, na sisi wajukuu tunamwona mtakatifu asiye na shida.

Nilijifunza kwamba huwezi kumuuliza mzee "alikuwa na ugonjwa gani?" Atakwambia homa, au atakwambia aliumwa tu. Uliza alionekanaje. Bibi alisema wawili waliishiwa damu, viganja vikawa vyeupe kama karatasi. Mmoja macho yalikuwa ya njano na tumbo gumu upande wa kushoto, "bandama" akaiita. Mwingine vidole vilivimba. Aliposema vidole niliiweka kalamu chini. Sasa mimi si daktari, na malaria peke yake inaweza kuua watoto wanne. Hakuna atakayejua kwa hakika kila mmoja alikufa na nini. Lakini nilipompelekea daktari daftari lile alilisoma lote mara mbili, na alinishukuru kuliko nilipompelekea majibu ya maabara.

Bibi alikumbuka kitu kingine. Alipoolewa walikuja watu wa dawa, wakapulizia kuta za nyumba zote. Huo ulikuwa mradi wa malaria wa Pare na Taveta, 1954 hadi 1959, uliotumia dawa ya dieldrin. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa miaka hiyo, na wote wako hai. Vifo vilianza upuliziaji ulipokoma. Na mwaka huohuo wa 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki akionyesha kwamba wabebaji wa selimundu wanakingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana tabia hii ipo zaidi kwenye nchi za mbu kuliko penye baridi. Kile ambacho mtu aliita laana kwenye damu yetu ndicho kilichowafanya mababu zetu wa tambarare waione kesho. Niliposoma hilo, niliketi kimya muda mrefu.

Hapa niseme jambo la imani, maana najua wengi wenu mnatumiwa video za kufungua laana za ukoo. Mistari inayotumika ni ile ya Kutoka 20, ya kizazi cha tatu na cha nne. Wengi wanakatiza hapohapo, wakati sentensi inayofuata inasema habari za huruma kwa maelfu. Nenda Ezekieli 18: watu walikuwa na methali yao kwamba baba akila zabibu mbichi meno ya watoto ndiyo yanayotiwa ganzi, na Mungu akawakataza kuitumia tena. Nenda Yohane 9. Wanafunzi wanaona kipofu tangu kuzaliwa, wanauliza aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili, kisha anatengeneza tope na kumtibu. Hakuuliza jina la ukoo. Maaskofu wa Poland mwaka 2015, na wa Hispania mwaka 2024, waliandika wazi kwamba huduma za "kuponya mti wa familia" kwa kudai dhambi za mababu zinarithiwa si mafundisho ya Kanisa. Kila mtu anajibu kwa dhambi zake, na Ubatizo haubakizi deni la babu. Kuwaombea marehemu, ndiyo. Kuwashtaki, hapana. Kinachorithiwa ni damu, na damu inapimwa.

Kama unadhani kuuliza habari za ukoo ni mambo ya kizamani, fungua Mathayo 1, ile sura tunayoiruka kwa sababu ni majina matupu. Mwinjili angeweza kuficha. Badala yake amemwandika Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria, kila mmoja na habari ambayo familia nyingi zingeifungia kabatini. Ukoo wa Bwana wetu umeandikwa na doa zake, na wanawake wake wamo.

Siku ya tatu nilikwenda parokiani. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwetu vitabu hivyo ni kumbukumbu ambayo serikali haina. (Kama ndugu zako ni mchanganyiko, kama wetu, usiishie hapo. Wasabato walifika Giti mwaka 1903, Walutheri nao wana madaftari yao. Nusu ya binamu zangu wako huko.) Paroko hakunipa kitabu, na alifanya vizuri, maana mle mna siri za watu. Alisoma mwenyewe, polepole, nami nikamtajia majina. Watatu aliwapata. Pembeni mwa mmoja padre wa zamani aliandika kwa Kilatini, *in periculo mortis*, katika hatari ya kufa. Wa nne, Yosefu, hakuwemo.

Nikarudi nikamwambia bibi. Ndipo aliposema jambo ambalo hata mama hakulijua. Yosefu alizidiwa wakati wa zile mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, mito imejaa, hakuna wa kwenda kumwita padre wala katekista. Akachukua maji ya kwenye kibuyu akambatiza mwenyewe, mtoto akiwa mapajani. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliogopa kwamba alifanya kazi ya padre, na kwamba pengine hiyo nayo ilihesabiwa kosa, maana mtoto alikufa alfajiri.

Vijana, niliwahi kujibu swali hili kwenye mashindano ya katekisimu tukiwa TYCS na nikapata alama kamili: penye hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa anaweza kubatiza. Sikujua kwamba jibu hilo lilikuwa linasubiriwa na bibi yangu kwa miaka yote hiyo.

Mtaniuliza kuhusu mchumba wangu. Nilimweleza yote, hata vidole. Amekwenda kupima. Majibu yake sitayaandika, ni yake, kama ambavyo jina la mtoto wa dada sijaliandika. Ugonjwa wa ndugu si habari ya kusambaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Anayehusika aambiwe, tena na mwenyewe au kwa ruhusa yake. Ninachoweza kusema ni kwamba kuwa wabebaji wawili si kizuizi cha ndoa mbele ya Kanisa, ila kuficha ni kumwibia mwenzako haki ya kuamua akiwa anajua. Pimeni kabla ya kupeleka barua ya posa, si baada ya matangazo ya ndoa kusomwa mara ya tatu. Na kama mtoto mgonjwa yupo tayari, asiachwe kliniki hata siku moja. Mtoto wa dada sasa anahudhuria, anakunywa maji mengi, analala kwenye chandarua, na wiki iliyopita alinifukuza kwa fimbo uani. Cherehani bado haijarudi. Tunachanga.

Jumapili nilishuka na bibi kwa pikipiki, yeye katikati, kitenge chake kikipepea, mpaka parokiani. Paroko akamkalisha, akamuuliza alitumia maji gani na alisema maneno gani. Bibi akayasema yote bila kukosea, kwa sauti ya chini, mkono wake ukiinuka wenyewe kana kwamba bado una kibuyu. Paroko akamweleza kwamba ushahidi wake mmoja unatosha, akafungua kitabu, akaandika tarehe kama bibi alivyoikumbuka, jina la mtoto, majina ya wazazi. Alipofika sehemu ya mbatizaji akasimama kidogo, akamwangalia, akaandika: mama yake.

Bibi hasomi vizuri siku hizi, macho yamechoka. Aliomba nimwonyeshe kwa kidole mahali lilipo.