Isombe Bila Karanga: Je, Kuacha Halali Ni Kuiharamisha?



Ndugu msomaji, likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Gashonga, wilayani Rusizi, nikiwa na karatasi ya daktari mkononi. Viungo vyangu vilikuwa vimevimba kwa miezi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, ilikuwa inaushambulia mwili wenyewe. Pamoja na dawa, nilishauriwa kuacha kwa wiki sita vyakula vinavyoshukiwa kuchochea uvimbe: nafaka, maharage, karanga, mayai, maziwa, nyanya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo. Baada ya hapo kila kimoja kirudishwe peke yake, kwa kupishanisha siku, ili kijulikane kinachodhuru.

Anayejua chakula cha Rwanda ataona uzito wa jambo hili. Kwetu maharage ni ya kila siku. Na kila ninaporudi kutoka chuoni, mama hunipikia isombe, yaani kisamvu, chenye karanga za kusaga na nyanya chungu. Jioni ile niliisukuma sahani pembeni nikasema, "Mama, hii kwangu ni sumu."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umekwenda kusoma dini ili uje ukatae alichohalalisha Mungu?"

Sikuwa na jibu, na swali lake si la kupuuzwa. Surat Al-Maida, aya ya 87, inawakataza waumini kuharamisha vizuri walivyohalalishiwa. Surat At-Tahrim nayo inaanza kwa kumlaumu Mtume (S.A.W.) kwa jambo la namna hiyo, na kwa riwaya iliyomo katika Bukhari, alikuwa amejizuilia asali ili kuwaridhisha wakeze. Ikiwa Mtume aliulizwa kuhusu asali, mimi ni nani nisiulizwe kuhusu karanga?

Jibu nililipata katika kisa kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwa Ummul-Mundhir akiwa na Ali (R.A.), ambaye ndiyo kwanza alikuwa anapata nafuu ya maradhi. Palikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume akala, lakini Ali aliponyoosha mkono alimzuia, kwa kuwa bado alikuwa dhaifu. Mwenyeji akapika shayiri na mboga za majani, na Mtume akamwelekeza Ali ale hicho, kwani kilimfaa zaidi. Tende hazikuwa haramu, na aliyemzuia Ali alikuwa anazila yeye mwenyewe.

Basi kuharamisha ni kutoa hukumu juu ya kitu, na kuacha kwa sababu ya maradhi ni kuuangalia mwili uliopewa kama amana. Mtu anaweza kusema, "Kula kidogo tu, umfurahishe mama." Lakini kidogo hicho kinaharibu jaribio zima, na haki ya mzazi, kwa ukubwa wake wote, haimlazimishi mtoto kujidhuru.

Hata hivyo, kosa nilikuwa nalo, nalo lilikuwa ulimini. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula ila: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Mimi niliiita sumu kazi ya mikono ya mama yangu. Hapo nilitoka kwenye kuacha nikaingia kwenye kuhukumu.

Asubuhi nilimwomba radhi. Tukachuma majani ya muhogo pamoja, nikayatwanga kinuni, tukayachemsha kwa muda mrefu hadi yakaiva vizuri, maana yakiwa mabichi yana sumu kweli. Tukatia mawese, vitunguu na isambaza wakavu wa Ziwa Kivu. Mahali pa karanga mama alitia boga lililopondwa, mchuzi ukawa mzito. Tulikula kwa ugali wa muhogo. Ladha haikuwa ile ya zamani, lakini ilikuwa isombe ya mama, na alikula nami kutoka sahani moja.

Wiki ya saba karanga zilirudi bila madhara. Nyanya ziliporudi, vidole vilivimba. Sisemi lishe hii ni tiba ya kila mtu: utafiti mmoja unaotajwa sana, wa mwaka 2017, ulifanywa kwa wagonjwa 15 tu wa matumbo. Asiache mtu dawa zake kwa sababu ya makala yangu.

Ndugu yangu, ukimwona mwenzako kwenye futari anaacha chakula, usimlazimishe wala usimshuku. Na wewe unayeacha, sema "siwezi", usiseme "kibaya". Siku kitakaporudi sahanini mwako, anza kwa Bismillahi na umalize kwa Alhamdulillahi.

Wallahu aalam.