Tua Mtungi Kwanza

Unamjua yule mama. Yuko Mutomo, yuko Kyuso, yuko Kibwezi, na huenda ni wewe unayesoma. Jogoo wa kwanza humkuta macho. Kabla hakujapambazuka ameshamfunga punda mitungi minne ya lita 20 na kushika njia ya mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Anapiga magoti, anachimba, anangoja maji yachuruzike shimoni, kisha anateka kwa kikombe na kumimina, anateka na kumimina, hadi mtungi wa nne ujae. Akirudi, shamba linamngoja. Kuna chama, kuna karo, kuna mazoezi ya kwaya, kuna kesha Ijumaa na mazishi Jumamosi. Jumapili, ibada ikiisha, anaingia jikoni kuwapikia wageni wa harambee. Mumewe yuko Nairobi au Mombasa akitafuta riziki. Usiku mwili unalala, lakini moyo unaendelea kupiga hesabu.

Ni mcha Mungu huyu, wala hana mchezo na wokovu wake. Lakini waulize watoto wake sauti yake huwaje saa moja jioni, uji ukimwagika.

Hapa nataka tusemezane bila kufichana. Sisi tunaomwamini Kristo Kitui na Makueni tumefundishwa kazi tangu utotoni, na tunaiweza. Kupumzika hatukufundishwa. Kwa hiyo tunaimba juu ya upole madhabahuni na kufoka nyumbani, tunamkemea msichana wa kazi, tunampiga punda ambaye hana kosa. Upole hauji kwa kujikaza. Mtu aliyechoka miaka kumi atajizuia Jumatatu, na Jumanne atalipuka.

Najua hofu inatoka wapi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Watu waliona mifugo ikianguka na ghala zikibaki na vumbi. Aliyepitia hayo ukimwambia apumzike anaweza kudhani unamtukana, kwa sababu anajua kwamba mvua za vuli zikimkuta hajalima, hakuna ndengu wala mbaazi mwaka huo. Basi nisieleweke vibaya: simwiti mtu yeyote uvivuni. Hata Kristo hakufanya hivyo.

Soma mwisho wa sura ya 11 ya Mathayo. Anawaita waliolemewa, anawaahidi pumziko, halafu papo hapo anawapa nira! Msomaji wa mjini anaweza kushangaa: nira na pumziko wapi na wapi? Lakini wewe umeshawaona maksai wakilima Nzaui au Zombe. Unajua dume changa halianzishwi kazi peke yake. Linafungwa nira moja na maksai mzee aliyezoea, na mzee ndiye anayevuta. Lile changa linahangaika mwanzoni, linakwenda mbio, linasimama ghafla, linataka kugeuka katikati ya mtaro. Mzee habadili mwendo. Baada ya siku kadhaa lile changa limeacha papara, linatembea kwa hatua za yule mzee. Na seremala anayejua kazi huichonga nira na kuilainisha pale inapokaa shingoni, maana nira mbaya humtia ng'ombe vidonda na kumfanya mkali kwa kila anayemkaribia.

Ndivyo Bwana anavyotualika. Anasema wazi kwamba yeye ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, na kwamba tujifunze kwake tukiwa tumefungwa naye. Shamba lipo, jembe lipo, jua la Ukambani lipo. Kilichobadilika ni kwamba hulivuti jembe peke yako, na mwendo huuweki wewe. Ukiwa na vidonda shingoni, ukiwa mkali kwa kila anayekukaribia, jiulize ni nani aliyekuchongea hiyo nira uliyovaa. Huenda ni majirani, ukihofia watasema nini. Huenda ni kamati isiyojua kukuacha. Huenda ni kiburi chako mwenyewe, kinachokuambia kwamba bila wewe kila kitu kitasimama.

Kiburi hicho kina jibu lake katika kilima cha Nzaui. Mwishoni mwa 1895 Peter Cameron Scott alifika pale kuanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Katika muda mfupi vikafuata Sakai, Kilungu na Kangundo. Desemba 1896 akafariki kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Wenzake wengine wakafa, wengine wakaondoka, na kwa kipimo cha wanadamu kazi ilikuwa imekwisha. Leo Africa Inland Church (AIC), kanisa lililozaliwa na kazi hiyo, ni miongoni mwa makanisa makubwa Kenya. Ikiwa Mungu aliweza kuilinda kazi yake bila mtu aliyeianzisha, ataweza kulilinda kanisa lako wewe ukikosa kesha moja ili ulale.

Na Eliya je? Alipokimbia jangwani, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Malaika hakumfokea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo ya kazi yalikuja baadaye. Ningependa wazee wetu wa kanisa waisome sura hiyo kabla ya kumwita ofisini muumini aliyeacha kuja kwenye kamati.

Tena Mungu hakuishia kwa manabii. Katika Kutoka 23 aliwaagiza watu wake wapumzike siku ya saba ili ng'ombe na punda wao nao wapumzike, pamoja na mtumishi na mgeni. Punda ametajwa! Katika Kumbukumbu la Torati 5 anaongeza sababu: mlikuwa watumwa Misri. Farao ndiye asiyempa mtu siku ya kupumzika. Kwa hiyo mama anayepumzika Jumapili huko Mwingi anatangaza kwamba ametolewa utumwani, na nyumba nzima inatolewa pamoja naye, hadi mnyama aliye zizini.

Hilo linahitaji mipango, na mipango inahitaji wanaume. Baba, ukirudi mwisho wa mwezi, usiketi chini ya mwembe ukingoja chai. Mchukue punda Jumamosi, uende mtoni na vijana wako, mjaze kila chombo kilichopo nyumbani, ili Jumapili mtungi usinyanyuliwe. Wewe kijana wa bodaboda, hata kanisani unakuja ukiwa umeacha injini moto: zima, na simu uizime pia. Wachungaji, nanyi mmechoka, tunawaona. Itengeni Jumapili moja kila mwezi isiwe na harambee, isiwe na mkutano baada ya ibada, watu waende nyumbani mapema wakale muthokoi na watoto wao. Ikiwa kuna mwanamke mjane au aliyeachiwa mzigo peke yake, kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wanaojua kuchimba matuta ya shamba lake wanajua pia kumtekea maji ya siku mbili.

Na wewe mama niliyeanza nawe, usingoje kazi iishe. Haitaisha. Jumapili hii, ukitoka ibadani, tua mtungi, vua viatu, keti na watoto wako hadi jua litue. Mwambie Bwana yale unayoyahesabu usiku, moja moja, kwa Kikamba chako, umwachie. Yule mtoto uliyemfokea juzi, mwite kwa jina lake zuri, umwombe msamaha. Jumatatu utarudi mtoni. Nenda, lakini usiende peke yako tena, na huyo punda mpe naye siku yake.