Nimeshaungama, kwa nini tena nipime?



Mwaka jana, kabla ndoa yetu haijaanza kutangazwa kanisani, mchumba wangu aliniambia, "Twende tukapime." Siyo UKIMWI tu, na magonjwa mengine ya zinaa. Nikakasirika. Ya zamani nilishayaungama, padre akaniondolea, malipizi nikatimiza. Sasa kupima si ni kusema msamaha wa Mungu sijauamini?

Wiki nzima nilikaa na hoja hiyo, nikaiona ya kitakatifu kweli. Kumbe nilikuwa naogopa tu.

Tukapima. Yeye hana kitu, mimi kaswende. Nikamuuliza muuguzi, mbona sina dalili yoyote? Akanieleza kuwa kile kidonda cha mwanzo mara nyingi hakiumi, na kinapona chenyewe hata bila dawa, hivyo mtu anadhani yameisha. Ugonjwa unabaki ndani kimya, na baada ya miaka unaweza kufika kwenye moyo au ubongo. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, hata akazaliwa mfu. Tiba yake ni sindano za penisilini. Kwa kuwa haikujulikana niliupata lini, nilichomwa 3, moja kila wiki. (Zinauma jamani!)

Dhambi yangu iliondolewa, hilo sina shaka nalo. Lakini padre hakunipima damu, wala siyo kazi yake. Na mtu aliyesamehewa hajapewa ruhusa ya kunyamaza wakati mwenzake yuko hatarini. Mchumba wangu alilia, halafu akasema tusogeze tarehe nimalize dawa kwanza.

Kilichonishinda ni swali la pili la muuguzi: "Na yule wa zamani, umemwambia?"

Namba yake nilishaifuta. Ndilo lilikuwa azimio langu baada ya kuungama, kukwepa nafasi za dhambi. Nikajifariji kwamba akipata mimba watampima kaswende kliniki. Lakini asipokwenda mapema je? Nikaona azimio langu, zuri kabisa, nimeanza kulitumia kujificha.

Nikaomba namba kwa rafiki yake. Nilipiga mchumba wangu akiwa amekaa pembeni, amejua kila kitu. Nikamwambia yule dada kwa kifupi, bila kujitetea. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amekata.

Halafu akauliza, "Hicho kipimo wanapima wapi?"