Neema na Kiti cha Hukumu

Katika imani ya Kikristo, neema ni kibali ambacho Mungu humpa mwanadamu pasipo yeye kukistahili, ilhali hukumu ni tendo la Mungu la kuyapima maisha ya kila mtu kwa haki. Mafundisho hayo mawili yakiwekwa pamoja huzua swali: ikiwa wokovu hutolewa bure, matendo hupimwa kwa ajili gani? Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anafundisha katika sura ya 2 kwamba kila mtu atalipwa kadiri ya matendo yake, na katika sura ya 3 kwamba watu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa mbele za Mungu kama wasio na hatia, kwa neema tu. Wala haonekani kusumbuliwa na jambo hilo.

Waliosumbuliwa walikuja baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagius, mtu wa Britania aliyefundisha Roma, alichukizwa na Wakristo walioufanya udhaifu wa kibinadamu kuwa kisingizio, na hasa na sala iliyomo katika Maungamo ya Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, ambamo Mungu anaombwa ampe mtu uwezo wa kulitimiza lile analomwamuru. Kwa Pelagius, hakimu wa haki hamdai mtu asichokiweza. Hoja ambayo, kusema kweli, si ya kupuuzwa. Augustino alishikilia kwamba utashi wenyewe umejeruhiwa na dhambi, hata hamu ya kutubu ikawa ni kazi ya neema, na sinodi ya Karthago ya mwaka 418 ikayakataa mafundisho ya Pelagius. Hata hivyo, alipoulizwa kwa nini neema hiyo wapewe hawa na wale wasipewe, Augustino alikimbilia siri ya Mungu, na hapo ndipo jengo lake lilipo dhaifu.

Sura ya 25 ya Injili ya Mathayo inafungua njia nyingine. Wenye haki, wanaofananishwa na kondoo, wanaposifiwa na Mfalme anayewahukumu watu kwa kumlisha na kumtazama gerezani, wanauliza ni lini walifanya hayo. Mshangao huo, ambao wahubiri wengi huupita haraka, unaonyesha kwamba hawakuwa wakiweka hesabu ya thawabu. Wema ulikwisha kuwa tabia yao. Walio upande wa kushoto wa Mfalme, yaani wanaohukumiwa, nao wanashangaa, lakini swali lao ni la kujitetea. Basi hukumu haimdai mtu gharama ya neema, bali hudhihirisha kama aliipokea kweli au aliitaja kwa midomo tu.

Uhusiano huo wa neema na matendo ulikiriwa pia tarehe 31 Oktoba 1999: mjini Augsburg, Ujerumani, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Walutheri walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, na kwamba neema hiyo hiyo humwita kwenye matendo mema.