Furaha ya Utotoni na Deni la Kumbukumbu

Falsafa ya kumbukumbu, yaani tawi la falsafa linalochunguza namna mambo yaliyopita yanavyobaki ndani ya nafsi na mamlaka yaliyo nayo juu yake, imeshughulika zaidi na makosa na majuto kuliko furaha, na kwa sababu hiyo limebaki pembeni swali moja lenye uzito: je, furaha ambayo mtoto aliipata bila kujua gharama yake, ilhali gharama hiyo ililipwa na watu wengine, hubatilika pale anapoijua akiwa mtu mzima? Swali hili likiulizwa kwa mifano ya kubuni hujibiwa kirahisi mno, kwa kuwa mfano wa kubuni hauna wakazi. Ni afadhali liulizwe juu ya mahali halisi, na mahali panapofaa ni Palm Springs, mji wa mapumziko ulio katika jangwa la kusini mwa California, ambao kwa familia nyingi za Los Angeles za miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa ndio kikomo cha safari ya gari iliyosubiriwa na watoto mwaka mzima.

Safari yenyewe, kiasi cha kilomita 170, haikuwa ndefu, lakini ilivuka tofauti kubwa za hali ya hewa, na hilo ndilo lililoifanya ikae akilini. Barabara iliacha mashamba ya michungwa ya upande wa bahari, ikapanda taratibu hadi pito la San Gorgonio, lililo kati ya milima miwili inayozidi mita 3,300 kwa kimo, ambako hewa baridi ya baharini huvutwa na joto la jangwani na kuzaa upepo wenye mchanga, uliokuwa ukichubua rangi za magari na kuvitia ukungu vioo vya mbele. Kwa kuwa viyoyozi vya magari vilikuwa bado anasa, madereva wengi walining'iniza mbele ya gari mfuko wa turubai uliojaa maji, ambayo yalipoa kadiri yalivyopenya kwenye kitambaa na kukaushwa na upepo, na watoto waliovaa kaptura walijifunza mapema kutandika taulo juu ya viti vya plastiki kabla ya kuvikalia. Kuanzia mwaka 1963 lilikuwapo pia gari la kebo, lililopandisha abiria kutoka korongo lililo mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 2,600, kiasi kwamba katika majira ya baridi mtoto aliyeogelea asubuhi aliweza kushika theluji kabla ya chakula cha mchana.

Mbele zaidi, kuelekea Indio, yalianza mashamba ya mitende, na vibanda vya kando ya barabara viliuza aiskrimu iliyopigwa pamoja na maziwa na tende. Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambaye wazee wake walizipokea tende za Basra na Maskati kutoka kwenye majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, huenda akashangaa kuzikuta huko, na mshangao wake ni wa haki, kwa maana mitende hiyo si ya asili ya California: machipukizi ya degla nur yalichukuliwa Algeria mwanzoni mwa karne ya 20, na yale ya majhul yakatolewa Moroko mwaka 1927, na pamoja nayo ikajengwa Arabuni ya maigizo, yenye sikukuu ya tende, mbio za ngamia, na hata mji mdogo uliopewa jina la Mecca. Kwa mtoto aliyekaa kiti cha nyuma, mlima, theluji, ngamia na bwawa la kuogelea vilikuwa ulimwengu mmoja usio na mshono, wala hakuna aliyemweleza kipi kililetwa, kipi kilikuwapo, na kipi kilikuwa kikiondolewa.

Wa kwanza kuulizwa juu ya kumbukumbu za namna hii ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni hiyohiyo Algeria iliyotoa tende. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anastaajabia kwamba mtu anaweza kuikumbuka furaha ya zamani akiwa na huzuni, na huzuni ya zamani akiwa na furaha, jambo linaloonyesha kwamba kukumbuka ni tendo la sasa lenye hali yake yenyewe, na si kulirudia tukio kama lilivyokuwa. Na katika kitabu cha kwanza anakiri kwamba habari za uchanga wake hazijui kwa kumbukumbu bali kwa kuambiwa na wengine na kwa kuwatazama watoto wachanga, hata anasita kuuhesabu uchanga huo kuwa sehemu ya maisha yake. Mwanasosiolojia Mfaransa Maurice Halbwachs, katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuhusu misingi ya kijamii ya kumbukumbu, alilipanua wazo la aina hiyo kwa kudai kwamba hata mambo ambayo mtu ameyaona kwa macho yake huhifadhiwa ndani ya viunzi vya kijamii, yaani lugha, kalenda, mahali na mazungumzo ya kundi alilomo, na kwamba familia ni mojawapo ya makundi hayo. Kila aliyewahi kukaa mezani na ndugu zake wakibishana ni nani aliyetapika garini na ilikuwa kona ipi, atakubali kwamba Halbwachs hakukosea sana. Lakini ikiwa kumbukumbu ya safari imejengwa na familia, basi hata matundu yake yamejengwa na familia, kwa kuwa masimulizi ya mezani huchagua. Na kile kisichosimuliwa mwaka baada ya mwaka hupotea hata kama mtoto alikiona.

Huko Palm Springs kilichokuwa hakisimuliwi kilikuwa katikati ya mji. Bonde hilo ni nchi ya watu wa Cahuilla, wenyeji wake wa asili, na chemchemi ya maji ya moto iliyowavuta wageni wa kwanza ni yao. Katika karne ya 19 serikali ya shirikisho iligawa ardhi kwa vipande vya maili moja ya mraba, ikaipa kampuni ya reli kipande kimoja na kukiacha kinachofuata kwa Wacahuilla, hivi kwamba ramani ya mji ilifanana na ubao wa drafti. Kipande namba 14, kilichopakana na barabara kuu ya maduka na hoteli, kilikuwa cha Wacahuilla, na kwa kuwa kwa muda mrefu sheria iliwazuia kukikodisha kwa zaidi ya miaka mitano, wawekezaji wakubwa hawakukitaka, na nyumba za bei nafuu zikajengwa juu yake na watu ambao hawakuruhusiwa kuishi kwingine mjini: Wamarekani weusi, watu wenye asili ya Meksiko, Wafilipino. Hao ndio waliotandika vitanda vya hoteli, waliosafisha mabwawa, na waliomwaga zege la nyumba za mapumziko. Mwaka 1959 Bunge la Marekani liliruhusu mikataba ya miaka 99, thamani ya ardhi ikapanda ghafla, na hapo mji, ukishirikiana na wasimamizi waliowekwa na mahakama juu ya mali za Wacahuilla kana kwamba watu wazima hao walikuwa watoto, ukaanza kuwaondoa wapangaji. Nyumba zilibomolewa kwa matingatinga na kuchomwa moto na kikosi cha zimamoto cha mji wenyewe, na ripoti ya ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ya mwaka 1968 ililaani vikali mwenendo huo.

Umbali kati ya moshi huo na mabwawa ya hoteli haukuwa safari ya gari bali mwendo wa miguu. Yawezekana kabisa kwamba mtoto fulani, akiwa na taulo begani, aliuona moshi ukipanda na akaujumlisha na mandhari, kama alivyoujumlisha mlima na mitende. Katika miaka ileile na mji uleule walikuwapo watoto wengine, ambao utoto wao pia una kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni ya kurudi kutoka shuleni na kukuta majivu.

Mbele ya jambo hili hutolewa kwa kawaida majibu mawili, na yote mawili ni mabaya. La kwanza husema kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo na inapaswa kukanwa. Jibu hili lina sura ya uadilifu, lakini linakwenda kinyume na jambo ambalo Aristotle alilikubali kutoka kwa mshairi Agathon, kwamba hata Mungu hana uwezo wa kulifanya lililotendeka lisiwe limetendeka. Kama maumivu ya waliochomewa nyumba hayafutiki, basi na kicheko cha mtoto majini nacho hakifutiki, na anayekifuta kwa ajili ya haki anatumia silaha ambayo kesho itatumiwa na wanaotaka kuyafuta maumivu. La pili husema kwamba kumbukumbu ya utotoni ni mali ya mtu binafsi na haina hatia, hivyo iachwe kama ilivyo. Kwamba mtoto hana hatia ni kweli, lakini anayekumbuka si mtoto. Ni mtu mzima, anayekumbuka leo, akijua anayoyajua leo, na kutokuwa na hatia hakurithiwi kutoka umri mmoja hadi mwingine.

Njia inayofaa zaidi inapatikana kwa Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika mlango wa subira na shukrani wa kitabu chake kikuu, Ihya Ulum al-Din, anaeleza kwamba shukrani ina sehemu tatu: elimu, yaani kuijua neema na kumjua aliyeitoa, hali, yaani furaha inayozaliwa na elimu hiyo, na amali, yaani tendo linalofuata. Ghazali mwenyewe anaielekeza elimu hiyo kwa Mwenyezi Mungu peke yake na anaonya dhidi ya kuwapa wapitishaji wa neema nafasi ya mtoaji, lakini ipo hadithi mashuhuri inayofungamanisha kumshukuru Mungu na kuwashukuru watu, na kwa idhini ya hadithi hiyo mpangilio wake unaweza kutumika hapa. Kwa mtazamo huu mtoto wa Palm Springs alikuwa na hali bila elimu: furaha yake ilikuwa shukrani iliyoanza katikati, isiyojua ilipitia mikono ya nani. Elimu inapokuja baadaye haiji kuibatilisha hali, bali huja kuchukua nafasi yake iliyokuwa tupu, hata kama inaleta uchungu, kwa kuwa kujua kwamba kitanda kilitandikwa na mtu aliyerudi jioni akakuta hana kitanda chake ni sehemu ya kuijua neema yenyewe. Kinachoharibu kumbukumbu ni kuikataa elimu hiyo ili hali ibaki tamu.

Inabaki amali, na hapa ndipo wakati unapoingia. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliugawa wakati katika Sasa, kipindi kinachojumuisha walio hai na wafu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na waliowajua, na Zamani, ambako mambo huzama pale shahidi wa mwisho anapoondoka. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika wamempinga, hasa kwa dai lake kwamba fikra za jadi hazikuwa na wakati ujao mrefu, na upinzani wao una nguvu; hata hivyo mgawanyo wake unaonyesha jambo ambalo Augustino na Halbwachs hawakulisisitiza, kwamba yako matendo yanayowezekana katika Sasa tu. Halmashauri ya Palm Springs iliomba radhi rasmi mwaka 2021, na mwaka 2024 ikaidhinisha dola milioni 5.9 kwa ajili ya waliofukuzwa na warithi wao pamoja na mipango ya makazi, huku Wacahuilla wakiwa wamefungua mwaka 2023, juu ya kipande hichohicho namba 14, makumbusho yanayosimulia bonde hilo kwa kauli yao. Dai la waliofukuzwa liliwezekana kwa sababu watoto waliokuta majivu walikuwa bado hai, wakiwa wazee, na waliweza kusema nyumba ipi ilisimama wapi. Watoto wa upande wa mabwawa nao ni wazee wa rika hilohilo, na baadhi yao wana picha za familia zilizopigwa barazani kwa hoteli, zenye tarehe nyuma na, huko mbali kwenye ukingo wa picha, paa za mtaa ambao haupo tena. Picha hizo ni ushahidi, na zinahitajika mahali pengine kuliko kwenye albamu.