Samadi ya Shamba Letu na Maji ya Jirani

Mkulima atiaye samadi shambani mwake afanya jambo jema, wala hakuna amlaumuye. Lakini twauliza: mvua ikiichukua samadi ile mpaka mtoni, je, ni mali ya nani?

Mwezi wa Agosti 2014 watu wapata 400,000 wa Toledo na kando yake, katika Marekani, walikatazwa kunywa maji ya mabomba kwa siku tatu hivi. Hata kuyachemsha hakukufaa. Ziwa Erie lilikuwa na mwani wa kijani wenye sumu, uliolishwa hasa na fosforasi ya mbolea na samadi, iliyoletwa na mto Maumee kutoka mashambani.

Wakulima wale hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa wamepunguza kulima kwa plau, ili udongo usichukuliwe na maji. Lakini samadi iliyotandazwa juu tu, isipofukiwa, fosforasi yake huyeyuka katika mvua na kwenda zake. Naye alimaye sana huifukia samadi, bali huulegeza udongo, nao huchukuliwa pamoja na rutuba yake.

Basi twaona ya kuwa nia njema haitoshi. Yatupasa kuifuata kazi yetu mpaka inapokomea. Tusitandaze samadi mvua ikiwa karibu, tuifukie bila kuupindua udongo wote, tusizidishe kipimo, tuache ukanda wa majani kando ya mto. Kwani wajibu wetu haukomi penye mpaka wa shamba, bali wafika hata pale achotapo maji mtu tusiyemjua.